Mpishi Aliyejifukuza Jikoni: Maisha ya Mama Mukashema wa Rubondo

Wachungaji wetu, wazee wa Rubondo, ndugu mliofika kutoka Base Camp, Rugaaga na Mbarara, mama zetu mliolala na familia hii juu ya mikeka, mimi naitwa Mutware, mdogo wake Semahoro mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu kabla hatujamshusha kaburini. Semahoro ameomba nisome yote, hata yale ambayo mtu akishafariki huwa tunayafunika, kwa kuwa marehemu mwenyewe, alipokuwa bado na sauti, alikataa yafunikwe.

Mama Mukashema alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika nyanda za juu za Itombwe, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, akiwa binti wa kwanza wa mzee Gakwaya, mfugaji aliyejulikana kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu, na alikulia katika nyumba ambamo hakuna aliyeruhusiwa kugusa kibuyu cha maziwa kabla ya kunawa, hata mgeni, hata mchungaji. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kicheko kikubwa, mwenye kuimba kwa sauti kuliko wenzake wote katika kwaya, na mwenye kukosea maneno ya nyimbo bila aibu yoyote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza darasa la sita mwaka 1992 na kupata cheti, akaendelea na sekondari mpaka mwaka wa tatu akiwa na nia ya kuwa mwalimu, lakini vita vya 1996 vilifunga shule, vikatawanya ukoo, vikamshusha yeye mpaka Uvira, kwa shangazi yake aliyekuwa akiwauzia chakula wapakuzi wa mizigo karibu na bandari. Hapo ndipo alipojifunza kupikia watu wengi, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa ikalainika, ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, bugali wa muhogo, maharage yaliyowekwa motoni kabla jua halijatoka. Hapo pia, mwaka 1998, aliugua homa kali ya tumbo, akalala wiki nyingi, nywele zikamtoka kichwani, shangazi akaanza kuwaza sanda, kisha akapona, nywele zikaota, kanisa likatoa shukrani, na hakuna aliyeuwaza tena ugonjwa ule, kwa sababu mtu akishapona, nani anamuuliza ugonjwa wake umekwenda wapi?

Tarehe 4 Agosti 2001, huko huko Uvira, alifunga ndoa na ndugu yangu Semahoro, ambaye wakati huo alikuwa akinunua na kuuza ng'ombe, na ambaye alikuwa akija kula kwa shangazi kila siku ingawa, kwa maneno yake mwenyewe, si kila siku alikuwa na njaa. Mungu aliwapa watoto watatu, Shimwa aliyezaliwa mwaka 2002, Mihigo aliyezaliwa mwaka 2006, wote wawili Uvira, na Ikirezi, aliyezaliwa hapa Nakivale tarehe 9 Mei 2014.

Ilikuwa mwaka 2011 walipokimbia. Sitawasimulia njia, wengi wenu mliipita, mnajua ilivyokuwa. Walivuka mpaka wa Bunagana wakiwa na sufuria moja na watoto wawili, wakaletwa hapa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakapewa kiwanja hapa Rubondo, wakajenga kwa udongo, wakalima mahindi na maharage, na mwaka 2013, posho ilipokuwa haitoshi na mvua ilipokuwa imekataa, mama yetu, ambaye hapa wote tulimwita Mama Shimwa, aliomba fasi ndogo kando ya barabara ya Base Camp, akaweka mabenchi, akafungua mgahawa wake.

Mgahawa ule wengi wenu mliujua. Palikuwa na maharage na sombe, palikuwa na nyama ya mbuzi siku ya soko, na juu ya kila sahani palikuwa na kachumbari yake ya kabichi, nyanya na ndimu, ambayo aliikata na kuichanganya kwa mikono yake mwenyewe, na ambayo watu waliifuata kutoka zone za mbali. Mwaka 2016, bwana Mbabazi, mkaguzi wa afya, alipokuja kuwasomea wenye migahawa sheria mpya, kwamba choo kiwe nyuma, mbali na jiko, na kiwe na kifuniko, kwamba maji ya kunawa na sabuni viwe mlangoni, kwamba vyombo vikaushwe juu ya kichanja na si chini, kwamba maji ya kunywa yachemshwe, na kwamba kila anayegusa chakula apimwe na awe na cheti cha afya, wengi walinung'unika, wakasema hizi ni sheria za mahoteli ya mjini, lakini Mama Shimwa alirudi nyumbani akicheka, akamwambia mume wake, "Baba Shimwa, hii sheria njo ya baba yangu na kibuyu chake, banachelewa kuileta." Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekamilisha yote, na tangu hapo hakuna aliyekaa kwenye benchi lake bila kunawa, si dereva, si mchungaji, si askari mwenye bunduki, ambaye siku moja alijaribu kupita, naye akamzuia kwa mkono, "Baba, mikono kwanza, chakula haikimbie." Bwana Mbabazi alikuwa akiwaleta wenye migahawa wengine waje waone kwake.

Nayasema haya kwa sababu yanayofuata hayakutokana na uchafu. Mtu asitoke hapa akasema mama huyu alikuwa mchafu.

Mwishoni mwa mwaka 2021, Corona ilipolegea na watu wakarudi barabarani, homa ya tumbo iliingia Base Camp. Waliugua waendesha boda, waliugua wanawake wa sokoni, na mwezi wa Oktoba alifariki mke wa mzee Nkusi, jirani yetu, ambaye alikuwa akiuza vitambaa karibu na mgahawa na kula pale karibu kila siku. Watu walisema ni kisima, kisima kikafungwa, maji yakapimwa, yakaonekana safi, kikafunguliwa tena. Mama Shimwa alimpelekea mzee Nkusi chakula cha matanga, alikibeba kichwani yeye mwenyewe.

Mwezi wa Februari 2022 ilikuwa zamu ya Ikirezi. Mtoto huyu alikuwa akitoka shule anapita mgahawani, anakaa kwenye benchi la mwisho na daftari lake, na mama yake anamkatia papai, anampa vipande mkononi kimoja kimoja huku akiendelea na wateja. Alianza na homa, wakampa dawa, homa ikashuka ikapanda, tumbo likajaa likawa gumu kama ubao, gari la wagonjwa likampeleka Mbarara, madaktari wakampasua wakakuta utumbo umetoboka, wakafanya waliloweza, na tarehe 3 Machi 2022 Ikirezi alifariki, hajatimiza miaka minane, akiwa amemshika mama yake kidole. Amelala pale, mnapaona, mita chache kutoka hapa tulipochimba leo.

Baada ya hapo Mama Shimwa hakuweza tena kuliangalia lile benchi. Alifunga mgahawa, akakaa nyumbani akitazama ukuta, na mwezi wa Juni, nyumba ilipokuwa haina chochote cha kuliwa, aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akaenda Mbarara, akapata kazi kwa Bi Jamidah, ambaye tunaye hapa leo, mfanyabiashara mwenye mgahawa jirani na soko, anayeuza pilau mchana na katogo ya ndizi na matumbo asubuhi. Bi Jamidah alimpeleka kupimwa kwanza, kama sheria inavyotaka, akaonekana mzima, akapewa cheti, akapewa aproni, na kwa miezi michache, tulipompigia simu, tulisikia sauti yake ikianza kurudi. Alijifunza pilau, akawafundisha wenzake sombe, na siku ya Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, walikuwa wakiomba kachumbari ya yule mama Mkongo.

Mwezi wa Novemba wateja wa Bi Jamidah walianza kuugua, kisha msichana mmoja wa kuosha vyombo akaugua, na wakaguzi wa mji wakaja wakafunga mlango, wakaamuru kila mfanyakazi atoe choo kipimwe. Aliyekuja na vichupa alikuwa bwana Mbabazi, ambaye mwaka ule alikuwa amehamishiwa Mbarara, na alipomwona Mama Shimwa amesimama kati ya wapishi, alimsalimia, akaandika jina lake. Majibu yalipokuja, wote walikuwa wazima isipokuwa yeye. Bwana Mbabazi akasema ni lazima arudie kipimo, pengine kuna kosa, na mpaka hapo mlango hautafunguliwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu Bi Jamidah mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na amekubali tukiseme. Ndugu yake, Edirisa, aliyekuwa akisimamia mambo ya mgahawa, alikuja chumbani walipokuwa wameketi wanawake wale wawili, akafunga mlango, akasema, "Mama, sikia, wewe hauumwi, hata kikohozi hauna. Nipe hiyo kachupa, mimi naweka choo ya bibi yangu wa nyumbani, watu wa mji wanatosheka, mlango unafunguka. Hapa kuna watu wanane, wote nyumba zao zinakula kwa huu mlango." Bi Jamidah alitazama chini, na anatuambia kwamba moyoni alikuwa akiomba Mama Shimwa akubali. Mama Shimwa alikishika kile kichupa kwa muda mrefu, akiwa na hofu ambayo alikuwa bado hajaipa jina, halafu akasema, "Edirisa, kama minadanganya leo, kesho minapika, na mutoto wa mutu atakula." Edirisa akaondoka kwa hasira. Mama Shimwa akatoa choo chake mwenyewe.

Majibu yalikuwa yale yale. Bwana Mbabazi hakumwita ofisini, alikuja mwenyewe, akaketi naye nyuma ya mgahawa uliofungwa, akamweleza taratibu kwamba kuna watu wachache ambao waliwahi kuugua homa hiyo, wakapona kabisa, lakini mdudu akabaki amejificha kwenye nyongo, wao hawaumwi, ila siku moja anatoka na choo, siku nyingine hatoki, ndiyo maana kipimo kinaweza kumkosa. "Nyabo, mama, ile kitu imepita moto haina shida, moto inaua. Lakini kachumbari, matunda, maji, ile mkono inagusa baada ya moto, hapo ndiyo inapita. Sabuni inapunguza, lakini si kila siku, si kila kucha." Akamuuliza kama aliwahi kuugua zamani. Mama Shimwa akakumbuka Uvira, nywele zilizotoka, shangazi na sanda. Akauliza, "Tangu Uvira?" Bwana Mbabazi akasema inawezekana. Akauliza tena, "Na Base Camp?" Hakungoja jibu la bwana Mbabazi, ambaye aliwahi kula kwake mara nyingi, kwa mawazo alikuwa tayari amefika kwenye benchi la mwisho, kwenye papai. Bi Jamidah anasema alisikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, akadhani ni mnyama.

Alirudi Rubondo mwanzoni mwa Desemba. Alimkuta Semahoro akipalilia, akasimama mwisho wa shamba, hakumkaribia, akasema, "Baba Shimwa, ile magonjwa ya mutoto ilitoka mu mikono yangu." Ndugu yangu akadhani huzuni imemharibu akili, akamwambia, "Usiseme vile, njo Mungu alimuchukua." Akamjibu, "Hapana, usimuweke Mungu mu hii. Niko na karatasi ya dokta." Walikaa pale shambani wawili, kila mmoja kwenye tuta lake, mpaka Mihigo alipokuja kuwaita.

Kuanzia siku ile hakupika tena. Hakukata kitunguu, hakuchota maji ya kunywa, hakumpa mtu kikombe. Alitenga sahani yake na ndoo yake, akawa anakula peke yake nje ya jiko, akawa ananawa mpaka ngozi ya viganja ikapasuka na kutoa damu. Katika kliniki moja alimuuliza daktari kama mikono ikikatwa ugonjwa utakwisha, na daktari, alipoona kwamba mama huyu hafanyi mzaha, aliacha kuandika, akamweleza tena kwamba mikono haina kosa, ugonjwa uko ndani, kwenye nyongo. Hakusikia. Yeye alichokiona kila alipofumba macho ni vidole vyake vikitoa kipande cha papai na kinywa cha mtoto kikifunguka kukipokea.

Bwana Mbabazi alimwahidi kwamba jina lake halitatajwa kwa mtu yeyote, hiyo ni haki ya mgonjwa, angeweza kukaa kimya mpaka leo. Lakini Jumapili moja ya Januari 2023, kanisani hapa Rubondo, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Mama Shimwa alisimama. Sisi tuliokuwepo hatutasahau. Alisema, "Bandugu, minasimama hapa sababu sina fasi ingine ya kusimama. Mulisema ni maji ya kisima, haikuwa maji. Niko na magonjwa ndani yangu, miye mwenyewe sikujua. Bale baliokula kwangu bakagonjwa, njo miye nilibapatia. Mutoto wangu, njo miye. Bibi ya mzee Nkusi, njo miye. Muende mupimwe, nyote muliokula kwangu, musingoje." Kisha akageuka kwa mzee Nkusi, akapiga magoti kati ya mabenchi. Mzee Nkusi akamtazama, akasema, "Umenizikia bibi, ukaniletea na chakula ya matanga, miye nikakula. Leo unataka nikupatie nini?" Akatoka nje. Hakuna aliyeimba siku ile.

Ndugu waombolezaji, hatukuja hapa kumlaumu mtu, lakini historia ni historia. Kibao cha mgahawa wake kiling'olewa kikachomwa moto. Wenye migahawa wa Base Camp walimwambia asipite barabara yao, kwani wateja wakimwona wanakimbia. Kuna mama zetu waliokuwa wakiazima mchi na kinu kwake, wakaacha kuingia uani. Watoto walifundishwa kutopokea kitu kwake, naye mwenyewe aliwasifu wazazi waliofundisha hivyo. Ni kweli pia kwamba baada ya ushuhuda ule watu wengi walikwenda kupimwa, Shimwa, ambaye alikuwa akimsaidia mgahawani, akiwa wa kwanza, akakutwa mzima, na wapishi wawili wa Base Camp, ambao sitawataja, walikutwa na mdudu yule yule, wakatibiwa, wako hai, watoto wao wako hai. Tulipomwambia habari hiyo ili imfariji, aliuliza, "Na mutoto wangu? Nani alinipima miye muzuri mbele Ikirezi afe?"

Matibabu yake yalikuwa marefu. Alipewa vidonge vya wiki nyingi, alivimeza bila kukosa, kipimo kikawa safi, tukashangilia, na baada ya miezi kipimo kikarudi kibaya. Alipewa tena, ikawa vile vile. Madaktari wakasema nyongo ina mawe, mdudu amejenga humo, dawa haimfikii, ni lazima mfuko wa nyongo utolewe, na tukaingia katika kungoja, barua ya kwenda Mbarara, tarehe, tarehe nyingine, mara gari limekosekana, mara kitanda. Katika kungoja huko, mwezi wa Aprili 2024, Shimwa aliolewa. Mnajua kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayesimamia vyungu. Yeye alivaa mushanana wake, vazi la heshima, akaja, akakataa kuvuka uzio, alikaa kwenye kiti nje, upande wa barabara, wageni wakapita wakimsalimia kwa mbali, na Shimwa alipotoka na nguo zake za harusi kumfuata, mama yake alinyoosha mkono wa kumzuia, akasema, "Usinishike mbele ya batu, batakosa kula." Shimwa alimkumbatia hata hivyo. Baadhi ya wageni waliondoka bila kula. Tuliwaona, na yeye pia aliwaona.

Kufikia Agosti mwaka ule macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, anajikuna mwili mzima, hawezi kulala ubavu wa kulia. Septemba alipasuliwa Mbarara, na madaktari waliokwenda kutoa mawe walikuta saratani, imeanzia kwenye nyongo, imeshaingia kwenye ini. Walifunga tumbo. Daktari alituita, mimi na Semahoro, akasema pengine yule mdudu, kwa kukaa miaka yote hiyo, ndiye aliyefungua njia. Tulipomwambia marehemu, hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama saratani inaambukiza, na tulipomwambia hapana, alishusha pumzi, akamwomba Mihigo asogeze kiti, akae karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu miaka miwili kumruhusu mtoto wake akae karibu hivyo.

Alirudi nyumbani, akaugua miezi tisa, akakonda mpaka kitenge kikamzunguka mara mbili. Semahoro, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuchemsha hata yai, alijifunza kupika. Marehemu alikuwa akimwelekeza kutoka kitandani kwa sauti, ongeza maji, punguza moto, geuza, na alipoonja bugali wa kwanza alicheka kile kicheko chake cha zamani, akasema hata mbwa wa Uvira wangeukataa, halafu akaula wote. Alikuwa na hofu moja ambayo haikumwacha. "Siku ya matanga yangu batu batakula nini?" aliuliza mara nyingi. "Bataogopa sufuria ya hii nyumba. Muwaambie bakuje na chakula yabo." Maumivu yalipozidi alirudishwa Mbarara, na tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Ameacha mume, watoto wawili, mkwe, na mjukuu mmoja ambaye alimtazama kupitia dirishani, kwa kuwa hakukubali kumbeba, hata tulipomwambia madaktari wameruhusu, hata tulipomwomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara waliompasua, waliomhurumia, na waliotuambia ukweli. Inawashukuru wahudumu wa afya wa hapa kambini walioleta dawa ya maumivu mpaka mlangoni. Tunamshukuru bwana Mbabazi, ambaye amekuja akiwa mtu binafsi na si mtu wa serikali, na ambaye alilia kabla yetu. Tunamshukuru Bi Jamidah, ambaye alipoteza wateja wake kwa sababu ya mgonjwa wetu na alichukua karibu mwaka mzima kuwarudisha, na ambaye alipopata habari alifunga mgahawa, akapakia vyungu vyake, akaja na wapishi wake wa Kiislamu kupikia matanga ya Kipentekoste, na alipofika alisema tu, "Bambi, masikini, huyu ni dada yangu, nionyesheni wapi niweke moto." Edirisa ndiye aliyeendesha gari. Tunawashukuru majirani mliokuja mkala, na ninyi mliokuja hamkula, tumewaona pia, tunajua kuja kwenyewe kumewagharimu.

Mzee Nkusi hayupo hapa. Marehemu aliacha neno kwamba asiitwe, asibembelezwe, na mtu yeyote asimseme vibaya leo wala kesho, kwa kuwa ana haki yake. Familia inalisema hili mbele yenu ili lifuatwe.

Mama Shimwa, siku ile ya mwisho, muuguzi alipotoka, ulimuuliza mume wako, "Unazani Ikirezi atakubali nimushike mukono?" Naye alishindwa kukujibu, akatoka kwenda kwenye korido, akalia, na aliporudi ulikuwa umeshakwenda. Hajalala tangu siku hiyo. Ameniomba nikujibu leo, kwa sauti, mbele ya watu wote hawa, kwa kuwa yeye hawezi kusimama. Mushike, Mama Shimwa. Mushike mukono, na upumzike kwa amani.